Utabiri wa Redio na Utabiri wa Roho
Masomo: Mhubiri 11:1–6, 1 Wafalme 18:41–45



Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Mtu akinena kwa Roho hapa kanisani, tunasema ametabiri. Jioni mtu wa hali ya hewa akisema redioni kwamba vuli huenda ikachelewa, huo nao ni utabiri. Ndipo wengine wenu mnawahukumu wote wawili kwa Kumbukumbu la Torati 18: neno lisipotimia, halikutoka kwa Bwana. Mvua ikichelewa wiki mbili, mnasema, "Hao ni manabii wa uongo."

Hapana. Yule wa redioni hajasema ametumwa na Bwana. Amepiga hesabu. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli yetu huelekea kuwa nzito. Ikiwa kinyume, huelekea kuwa kavu. Pasifiki nayo ikipata joto, ile El Niño, huongeza mvua yetu mara nyingi, si kila mara. Akisema kuna asilimia 60 ya mvua kuzidi kawaida, zile 40 amezitaja pia. Ni sisi tunaoziacha njiani, tukifika nyumbani tunasema "mvua kubwa inakuja."

Mnakumbuka 2015, tulivyongoja maafa kama ya 1997, na hayakuja kwa ukubwa ule. Tukacheka. Halafu 2023 tahadhari ikatoka tena. Mwezi wa Oktoba tukaambiwa na wakubwa wa nchi kwamba haitakuwa El Niño ya kuharibu, watu wakashusha pumzi. Novemba mafuriko yakaja, na zaidi ya Wakenya 100 wakafa.

Sasa tulete jambo hili hapa Wusi. Utabiri wa kaunti nzima hauwezi kukwambia habari za shamba lako. Ukungu unaweza kulowesha huku juu kutwa nzima, na kule chini Mwatate vumbi linapaa. Wazee wetu walilijua hilo bila redio: shamba moja mlimani, lingine bondeni, lingine kule nyikani. (Ndovu wa nyikani nao wana utabiri wao, lakini hiyo ni ibada nyingine.) Ndilo jambo lenyewe la Mhubiri 11. Gawanya mafungu saba, hata manane, kwa sababu hujui baya litakalokuja. Panda asubuhi, na jioni usipumzishe mkono. Na yule anayekaa kutazama upepo tu, huyo hatapanda kamwe.

Kwa hivyo mvua ya kwanza ikishuka, usimwage mbegu zote. Iko mvua ya kudanganya: siku tatu inanyesha, mahindi yanachipua, kisha jua wiki mbili. Mbegu ya dukani ikikaukia pale, ile ilikuwa karo ya mtoto. Panda sehemu, weka sehemu, changanya na kunde na pojo.

Mtaniuliza, "Pasta, imani iko wapi?" Someni habari za Eliya. Alikuwa na neno la Bwana la mvua, akaomba kichwa kikiwa katikati ya magoti, na bado akamtuma mtumishi wake atazame upande wa bahari. Mara saba! Kuangalia mawingu hakukumpunguzia upako.

Ninachokiogopa mimi si redio kukosea. Naogopa ndugu anayesimama kwenye ushirika na kusema Bwana amemwonyesha tarehe ya mvua. Yuko mjane anayekusikiliza, na ana debe moja tu la mbegu. Akilimwaga lote kwa ndoto yako na likakauka, uwe tayari kumpa la kwako.

Jumatano tutaombea vuli. Mwenye mbegu za kutosha aje na kibaba kimoja. Kina mama watazihifadhi, na mvua ya kwanza ikimdanganya mtu, atajua mlango wa kubisha.