Hukumu Juu ya Kioo Cheusi

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Tunduma huwalazimu hata madereva waliokesha katika foleni ya malori kujifunika mablanketi mpaka jua lipande, nilifungua duka langu la kupiga chapa na kutoa nakala, nikabonyeza kitufe cha kompyuta iliyonilisha kwa miaka mingi, nikasikia feni zikivuma na kuona taa ikiwaka kama ilivyo ada, walakini kioo kikabaki cheusi, kikatoa tangazo la kwamba hakuna mawimbi yanayokifikia, kisha kikazimika. Nilirudia mara tatu. Wakala wa forodha aliyekuja na karatasi za shehena iliyokuwa ikingoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, alitazama saa yake, akaniaga kwa adabu, akaenda duka la pili.

Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amesimama nyuma yangu kimya.

"Mjomba, nisamehe," akasema. "Usiku niliiongezea mwendo."

Prosesa ya kompyuta ile ni Intel Core i5-2500K, ya mwaka 2011, iliyopangiwa kiwandani mwendo wa gigahezi 3.3, nao hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi, milioni 100 kwa sekunde, kwa 33. Herufi K katika jina lake ni idhini ya kubadili kizidisho hicho, na tendo la kukipandisha vijana huliita kuovakloki. Mpwa wangu huhariri picha za video za harusi, kazi inayoweza kumaliza usiku kucha; basi akapandisha kizidisho toka 33 hadi 48, na umeme wa prosesa toka volti 1.2 hadi 1.4, akidhani kwamba baridi ya mji huu, ulioko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ingetosha kuipoza.

Dhana yake haikuwa ya kipumbavu, ila hesabu ilikuwa dhidi yake. Joto la prosesa hupanda kwa kadiri ya mwendo, na tena hupanda kwa kadiri ya volti iliyozidishwa kwa nafsi yake. Hivyo aliyeongeza mwendo kwa chini ya nusu alikuwa ameongeza joto karibu maradufu. Fauka ya hayo, milango midogo iliyomo ndani ya prosesa huhitaji muda wake wa kufungika na kufunguka, na muda huo ukifupishwa kupita kiasi hesabu za mwanzo kabisa huvurugika, kabla mashine haijapata nafasi ya kutuma picha yoyote kwenye kioo.

Mambo hayo niliyafahamu baadaye. Asubuhi ile nilichokuwa nacho ni ghadhabu. Watu watatu walipita dukani, na kila mmoja, bila kufungua hata parafujo moja, alitoa hukumu yake: wa kwanza alisema mazabodi imeungua, wa pili prosesa imekufa, wa tatu alinishauri niiuze kama vyuma chakavu. Nilikuwa tayari kutuma fedha Dar es Salaam nipate mazabodi nyingine kwa basi. Nami, kwa jinsi ambayo moyo wangu haujatulia mpaka leo nikiikumbuka, nilimgeukia mtoto wa dada yangu mbele ya wateja nikamwambia kwamba hafai, na kwamba hatafaa.

Adhuhuri alikuja fundi mzee kutoka upande wa Mbozi, mtu aliyezoea kutengeneza redio tangu enzi ambazo kompyuta hazijafika kwetu. Mpwa wangu alimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, akaitikiwa marahaba. Mzee hakuuliza ni nani aliyeharibu. Aliuliza ni kitu gani kilichoongezwa mwisho, na alipojibiwa akatikisa kichwa kama tabibu aliyeelezwa homa ilianza lini.

Alianza na waya wa kioo, akauchomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi, na kioo kikawaka. Hivyo kioo kikatoka katika tuhuma. Akachomoa waya wa umeme ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili umeme uliosalia ndani ukauke. Akafungua ubavu wa sanduku, akapuliza vumbi jekundu, akachomoa ramu moja kati ya mbili, kisha kwa ncha ya bisibisi ndogo akaing'oa betri ya duara, CR2032 ya volti 3, yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, akaiweka katika kiganja cha mpwa wangu. "Shika, mjukuu wangu," akasema, "tunywe chai."

Kikombe kile cha chai kilikuwa ndiyo tiba yenyewe. Betri ile hulinda kumbukumbu ndogo ambamo mipangilio ya baiosi, yaani programu ya kuiamsha mashine, imeandikwa, na ndiyo sababu kuzima na kuwasha hakukusaidia kitu: kila ilipoamka, mashine iliikuta amri ile ile ya usiku, ikajaribu kuitii, ikashindwa. Haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa imebebeshwa mzigo isioweza, na hapakuwa na mtu wa kuutua.

Sisi wa Tunduma tungalipaswa kulielewa jambo hilo upesi kuliko watu wengi. Kila siku twayaona malori yakipita mizanini Mpemba, na sheria yajulikana kwamba gari lenye shehena halizidi tani 56. Nalo linalozidi hutozwa faini na kuamriwa lipunguze, wala sijapata kusikia mtu akisema kwamba kwa kuwa limezidisha, basi lori hilo ni bovu.

Baada ya dakika kumi na tano mzee aliomba betri, ikarudishwa ingali na joto la kiganja, akawasha. Ukasikika mlio mmoja mfupi. Kioo kikasita, kisha kikawaka na kutangaza kwamba mipangilio imerudi ilivyotoka kiwandani. Akazima, akarudisha ramu ya pili, akawasha tena, ikawaka.

Nilimwomba mpwa wangu radhi pale pale, wateja wakisikia, maana ndivyo walivyonisikia asubuhi.

Palibaki jambo moja. Kwa kuwa betri iliondolewa, saa ya mashine nayo ilikuwa imesahau, ikaonyesha tarehe 1 Januari 2011, miaka mitano kabla ya mkoa wetu wa Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mzee alitaka kuirekebisha, nikamzuia, nikampisha mpwa wangu kwenye kiti. Aliandika siku, mwezi na mwaka, akahakikisha kizidisho kimerudi 33, akahifadhi. Ilikuwa saa nane na robo mchana, na wakala wa forodha alikuwa amerudi na karatasi zake.