Selimundu na Swali la Adhabu

Huko Busia na Tororo, ambako malaria huzunguka karibu mwaka mzima, wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye selimundu analipia dhambi za wazazi. Seli nyekundu ya damu inashuhudia vingine. Ikishakomaa haina kiini wala mitokondria. Huishi kwa kuvunja sukari bila oksijeni, na hufanya kazi yake kwa hemoglobini iliyoandaliwa na jeni mapema. Herufi moja ya jeni hiyo ikibadilika, na mtoto akairithi kwa mzazi mmoja tu, hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki. Akiirithi kwa wote wawili, huugua selimundu. Ni adhabu gani inayokinga wengi kuliko wale inaowaumiza?

Atasema mtu: basi Mungu amemtoa mmoja kafara kwa ajili ya wengine. Hoja hiyo ni nzito, wala jibu lake halimo katika hadubini. Lakini inamhoji Muumba, haimhukumu mama. Wazazi ambao wote wamebeba jeni hiyo, na kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mwenye selimundu, wanastahili kupimwa damu kabla ya kuhubiriwa toba.