Macho Hayana Pazia

Mwishoni mwa Novemba, jimbo la Wisconsin kaskazini mwa Marekani hupata siku tisa za mshindo. Ndio msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, unaoanza Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Mababu na wajukuu, mabinti na baba zao, huingia msituni wamevaa makoti ya rangi ya chungwa kali ili wasije wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Kisha msimu hufungwa. Wapo wa upinde na mshale wanaoendelea hadi Januari, lakini kishindo kimekwisha: bunduki zimesafishwa, nyama imegandishwa, theluji imeanza kuziba njia. Katika mashamba mengi ya uwindaji, kitu cha mwindaji kinachobaki nje ni kamera ndogo iliyofungwa kwa mkanda kwenye shina la mti.

Kamera hiyo haina mpiga picha. Ina kihisi kinachotambua mwendo wa kitu chenye joto tofauti na hewa iliyokizunguka, nacho huiamsha mara moja. Picha inapigwa, na chini yake panaandikwa tarehe, saa, nyuzi za joto, hata umbo la mwezi wa usiku ule. Gizani humulika kwa mionzi ambayo jicho la binadamu haliioni, ndiyo maana picha za usiku hutoka nyeusi na nyeupe, na macho ya mnyama yakang'aa kama shilingi mpya. Betri za kawaida huzimika katika baridi ile, kwa hiyo wazoefu huweka za lithiamu, kisha huondoka. Baada ya majuma kadhaa mwenye shamba hurudi kuchukua kadi na kutazama nani alipita.

Mtu mwenye hesabu za faida atauliza: wa nini mzigo huu? Msimu umekwisha, hakuna nyama ya kutafuta. Swali hilo lina historia ndefu kidogo.

Kupiga picha wanyamapori usiku kulianza mikononi mwa mwindaji. George Shiras III, aliyezaliwa mwaka 1859, alikuwa mwanasheria wa Pennsylvania aliyepata pia kuwa mbunge, na makazi yake ya porini yalikuwa kaskazini mwa Michigan, karibu na Ziwa Superior. Huko alijua mbinu ya kale ya watu wa Ojibwe: usiku wa giza mtumbwi huenda kimyakimya ukiwa na moto kwenye omo, kulungu aliye ukingoni mwa maji huduwaa akiutazama, na mwindaji aliyefichwa na giza humpiga. Shiras alibakiza mtumbwi, taa na giza, akaweka kamera na unga wa kumulika mahali pa bunduki. Baadaye akatega uzi njiani ili mnyama mwenyewe, kwa mguu wake, ajipige picha. Julai 1906 gazeti la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Wajumbe wawili wa bodi ya chama chenye gazeti hilo walijiuzulu kwa hasira, wakiona linageuzwa kitabu cha picha.

Maarifa yaliyokuwa ya kuua yakatumika kutazama. Mwindaji hakupoteza ustadi wake: subira, kujua upepo, kujua njia za wanyama, vyote vilibaki. Kilichoachwa ni kuchukua.

Mtego wa namna hii umeleta mengi tangu hapo, hata kwetu. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ilinasa sengi mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa imemtambua. Mwaka 2008 akapewa jina rasmi, Rhynchocyon udzungwensis.

Lakini kifaa hakina dini. Kamera iliyozaliwa na mtu aliyeweka bunduki chini imerudi kuitumikia bunduki. Siku hizi zipo zinazotuma picha kwenye simu papo hapo. Mtu yuko mezani na chai yake, anaonyeshwa kuwa dume mwenye pembe kubwa anapita sasa hivi kwenye kona ya shamba. Wawindaji wenyewe ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuona haya. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, haimwandiki kwenye kumbukumbu zake mnyama aliyeuawa kwa msaada wa picha za papo kwa papo. Arizona imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2022 ni marufuku kutumia kamera hizi kwa ajili ya uwindaji. Hoja ni moja. Mnyama awe na nafasi ya kweli ya kuponyoka, na jicho lisilolala linaifuta nafasi hiyo.

Ndiyo maana naona majira ya baridi yanairudishia kamera heshima yake. Kati ya Februari na Aprili picha haiwezi kugeuka nyama ya kulungu. Mwenye kutazama anatazama kwa kuwa anataka kujua, na anachokijua si chepesi.

Kwetu sisi tuliozoea kupima mwaka kwa masika na kiangazi, ni vigumu kuikadiria njaa ya theluji. Kulungu wa mkia mweupe hupandana Novemba, na majike huingia baridini wakiwa na mimba inayochukua siku zipatazo 200. Majani hakuna. Chakula ni vijiti na machipukizi, na nguvu ya kuvitafuta inaweza kuzidi ile vinayotoa. Kulungu huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini wakati njugu za mwaloni zilipokuwa zikidondoka. Hupunguza kula, hupunguza mwendo, na hadi theluji inapoyeyuka anaweza kuwa amepoteza sehemu ya tano ya uzito wake. Theluji ikizidi kina, makundi hujikusanya chini ya mierezi na misonobari, mahali matawi yanapokinga upepo, na kwato zao hutengeneza vichochoro wanavyopita wote. Madume hudondosha pembe. Yule mfalme wa Oktoba, ambaye picha yake ilizungushwa kwa marafiki wote, anapita mbele ya kamera Februari bila taji, mbavu zikianza kuonekana, na ni vigumu kumtofautisha na jike.

Hapo ndipo mtazamaji anapojaribiwa. Ukimwona mwenzio ana njaa na ghala lako limejaa mahindi, utu unakuambia umpelekee. Kwa binadamu ni sawa. Kwa kulungu wa Februari, gunia la mahindi linaweza kuwa sumu. Vijidudu vinavyosaga chakula tumboni mwake vimejigeuza kwa ajili ya vijiti na huhitaji majuma kuzoea chakula kingine. Mahindi mengi ya ghafla huchachuka na kuwa asidi, na mnyama akafa tumbo likiwa limejaa. Tena chakula kilichorundikwa mahali pamoja huwakutanisha pua kwa pua. Tangu mwaka 2002 Wisconsin inapambana na ugonjwa wa kukondesha unaoshambulia ubongo wa kulungu. Hauna tiba, huambukizwa kwa mate na mikojo, na chembe zake hukaa ardhini kwa miaka.

Kwa hiyo mwenye shamba anaona njaa na hapeleki mahindi. Hata matembezi anayapunguza, kwa sababu kulungu anayekurupushwa na mtu kwenye theluji ya kina huchoma mafuta ambayo hana namna ya kuyarudisha. Anachoweza kufanya ni cha polepole: kukata miti michache ili machipukizi yaote chini, kuulinda mwerezi uliobaki. Matunda yake yataonekana baada ya baridi nyingine kadhaa.

Naiita hii huruma yenye elimu, nayo ni ngumu kuliko ile ya moyo mtupu. Huruma ya moyo mtupu hupata raha yake papo hapo. Gunia limemwagwa, roho imetulia. Yenye elimu inabaki na picha ya mbavu na kuendelea na kazi.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na hawakuwahi kuona kamera ya kutega. Jicho hili linaangalia usiku kucha, linawaona koyote na bata mzinga mwitu, na haliulizi ruhusa. Humpiga picha hata jirani aliyekatiza shambani na mbwa wake. Snapshot Wisconsin, mradi wa idara ya maliasili ya jimbo unaowaomba raia kutega kamera na kusaidia kutambua wanyama, huziondoa picha za watu kabla ya kuzifikisha kwa umma. Ni utaratibu mdogo, ila unakubali jambo kubwa: kuona kitu hakukupi haki yote juu yake.

Sehemu ya wajibu huu imebebwa na sheria. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 30 Aprili, maofisa wa Wisconsin huhesabu kila siku ambayo theluji imefika kina cha sentimeta 45 na kila siku ambayo baridi imeshuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Hesabu hiyo husaidia kuamua vibali vya msimu ujao. Baridi ikiwa imewaelemea kulungu, majike wachache zaidi huruhusiwa kuwindwa. Huo ni msitu uliotazamwa, kisha mkono ukazuiwa.

Sehemu iliyobaki haimo katika sheria yoyote. Mwenye kadi ya kamera anajua kulungu hulala wapi, hunywa wapi, hupita njia gani wakati nguvu zimemwishia, naye mnyama hana habari kwamba siri yake imechukuliwa. Maarifa ya namna hiyo ni amana. Novemba itarudi, bunduki itatolewa kabatini, na mwindaji ataingia msituni akiwa na mambo kichwani ambayo kulungu hakumpa kwa hiari. Atakayoyatumia na atakayoyaacha, hakuna kamera itakayomwonyesha mtu mwingine.