Khofu ya Maradhi Kurudi: Je, ni Upungufu wa Tawakkul?

Mtu mzima aliyepasuliwa akatolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, kisha jeraha lake likafunga na akaonekana tena msikitini, watu humhesabu kuwa amekwisha kupona. Mwenyewe hajioni hivyo. Mgongo ukimuuma, husema moyoni: "Yamerudi." Kila baada ya miezi kadha hutakiwa kutoa damu ipimwe kile waitacho matabibu PSA, na usiku wa kuamkia siku hiyo hapati usingizi. Akimshitakia jirani, huambiwa: "Mwenye kutawakali haogopi." Basi mzee wa watu hurudi nyumbani na khofu mbili, ya maradhi na ya imani yake.

Neno la jirani si sahihi. Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliingiwa na khofu nafsini mwake walipotupa wachawi kamba zao, na utume wake haukupungua kwa hilo. Khofu imjiayo mtu pasina kuitaka haimo mkononi mwake, wala sharia haimdai mtu asichokimiliki. Aulizwalo ni lile alitendalo baada yake.

Na hapa ndipo penye mas-ala. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, amesema katika Minhaj, mlango wa wasia, ya kuwa mgonjwa wa maradhi ya kuogopewa mauti hakipiti alichokitoa bure zaidi ya thuluthi ya mali yake. Ikiingia shaka kama maradhi ni ya namna hiyo au siyo, jambo halithubutu ila kwa matabibu wawili waadilifu. Tazama vizuri: mgonjwa hakuulizwa anaogopa kiasi gani. Khofu yenye hukumu ni sifa ya maradhi, nayo ina mashahidi wake. Khofu ya moyoni ni kitu kingine. Basi mwenye kugawa shamba kwa pupa, au kuahirisha harusi ya binti yake, kwa maumivu ya mgongo tu, amejihukumu pasina mashahidi.

Na mashahidi wapo. Tezi ikitolewa yote, kipimo hicho chatakiwa kishuke hata kisionekane. Kikipanda kufikia nanogramu 0.2 kwa mililita moja, na kikarudiwa kikathibiti, ndipo matabibu husema maradhi yamerudi. Hata hapo si mauti ya kesho. Matabibu wa Baltimore, Marekani, waliandika mwaka 1999 khabari za wanaume waliopandishwa na kipimo baada ya kupasuliwa: nusu yao walikaa kiasi cha miaka 8 au zaidi kabla saratani haijaonekana mifupani au penginepo. Mwenye umri wa miaka 70 na ahesabu mwenyewe.

Yuko na wa upande wa pili, asiyekwenda kupimwa kabisa, akasema ameacha yote kwa Mola wake. Aghlabu huyu ndiye aogopaye kuliko wote. Khofu yake imevaa kanzu tu. Kujitibu kwa Mashafii ni sunna, na kupimwa ni katika kujitibu.

Limebaki jambo wanaloliona haya wazee kuliuliza. Baadhi ya waliopasuliwa hutokwa na mkojo pasina kujizuia, na khofu ya maradhi huungana na wasiwasi wa tohara, hata mtu akatawadha mara nne kwa sala moja. Hukumu yake ni nyepesi: ajioshe, ajifunge kitambaa, atawadhe wakati ukiisha ingia, asali pasina kukawia, na kwa kila faradhi udhu wake. Kitakachotoka hapo katikati hakimdhuru. Hakuamrishwa angoje mpaka akauke. Na aliyeweza kusimama kwenye safu katika hali hiyo, hakosi kuweza kumwoza binti yake na kulima shamba lake hali khofu ingalimo kifuani.

Ama jirani, na ayaache maneno, amsindikize siku ya kutoa damu, akae naye pale bandani mpaka aitwe jina.