Wajina na Ndugu wa Tumbo Moja

Ni nini kinachofanya vitu viwili viwe vya aina moja? Swali hili limewachosha wanafalsafa tangu Ugiriki ya kale, na fundi wa injini za pistoni za ndege hulazimika kulijibu kabla hajashika spana. Jibu jepesi ni jina. Katika O-320, injini ya Lycoming ya Marekani, herufi ya kwanza hueleza kwamba silinda zimelala zikipeana migongo, na 320 ni ujazo wake kwa inchi za mjazo. Aliyesoma hayo kwenye kibati cha injini angeweza kudhani ameshaitambua. Lakini O-320-H2AD, iliyofungwa kwenye Cessna 172 za miaka ya 1977 hadi 1980, ilisanifiwa mwili wake upya, hata vipuri vyake vingi haviingii katika O-320 nyingine. Ile D ya mwisho tu husema kwamba magineto zake mbili, zinazotoa umeme wa cheche, zinakaa katika nyumba moja. Kiswahili kina neno kwa hali hii: wajina. Wajina huitikia mwito mmoja, na damu zao zikawa mbali.

Kinyume chake nacho kipo. Merlin ya Rolls-Royce, injini ya Kiingereza ya silinda 12, ilitengenezwa pia Marekani na kampuni ya Packard kwa leseni. Merlin 66 ikitoka mikononi mwa Packard iliitwa Merlin 266, na ndege ya Spitfire IX ikifungwa injini hiyo iliitwa Spitfire XVI, ingawa karibu kila kitu kingine kilibaki vilevile. Hawa ni ndugu wa tumbo moja waliopewa majina mawili.

Basi, atasema mfuasi wa Aristotle, tuache jina tushike umbo, maana kiini cha kitu ni umbo lake. Hoja hii ina uzito, na kwa muda mrefu ndiyo inayovutia zaidi. Ila Merlin yenyewe inaipinga. Ujazo wake ulibaki lita 27 tangu injini ya kwanza ilipowashwa mwaka 1933, ilhali nguvu zilipanda kutoka takriban farasi 1,000 hadi zaidi ya 2,000. Merlin 61, kwa supachaja yake (kisukuma-hewa) ya hatua mbili, ilihitaji Spitfire yenye pua ndefu zaidi. Ni umbo lipi hapo tuliite kiini?

Naona aina huamuliwa na swali jingine: kipi kinaweza kushika nafasi ya kipi bila kumdhuru aliye angani? Nitajibiwa kwamba hapo nimeigeuza aina kuwa makubaliano ya watu, kwa kuwa nafasi na madhara ni mambo yetu, si ya chuma. Sikubali. Swali ni letu, jibu si letu. Tunaweza kupiga kura usiku kucha kwamba kipuri fulani ni cha O-320 zote, na asubuhi kitakataa kuingia. Kibaya zaidi ni kile kinachokubali kuingia mahali kisipofaa.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: kama ni kushika nafasi tu, Merlin 66 na 266 zilistahili jina moja. Kwa rubani, naam, zilistahili. Lakini anayeagiza vipuri lazima ajue injini imetoka kiwanda kipi. Wawili hao hawapingani, kwa sababu kila mmoja ameuliza kuhusu nafasi yake. Kitu kimoja kinaweza kuwa cha aina moja na mwenzake katika swali hili na cha aina tofauti katika lile, na bado majibu yote mawili yakawa kweli tupu.

Ndiyo maana kutambua injini ni kutoa ushahidi, na shahidi hatosheki na aliyoambiwa. Kibati kinaweza kufutika, au injini kubadilishwa vitu baada ya kugongewa namba. Jina IO-360 hubebwa na injini za farasi 180 na za farasi 200, na vichwa vya silinda zake si vya namna moja: katika moja valvu zimesimama sambamba, katika nyingine zimeinamiana kwa pembe. Tofauti hiyo huonekana nje, kwenye vifuniko vya valvu, kwa anayeinama kutazama.