Nani Alikutuma Kuchora?

Neno "kujitolea" kwetu Kilosa lina matumizi mawili. La kwanza ni la kijana aliyemaliza chuo, hana ajira, anakwenda kila asubuhi kwenye ofisi au shule fulani kufanya kazi bila mshahara, akitumaini kwamba siku nafasi ikitoka jina lake litakumbukwa. La pili ni la mikutano ya kijiji: wananchi watajitolea mawe na mchanga, halafu serikali italeta bati. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwenye simu kwamba Jumamosi zangu najitolea kuchora ramani, aliuliza kwanza, "Watakuajiri?" Nikasema hapana. "Sasa hiyo ni kazi ya nani?"

Nikamjibu kwa kicheko kwamba ni kazi ya kila mtu. Wakati ule niliona ni jibu zuri sana.

Kwa asiyeifahamu, OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Mtu yeyote anaweza kufungua akaunti, akatazama picha ya setilaiti, akachora nyumba, barabara, kisima, shamba, na kesho yake yule wa Tokyo au wa Dumila anakikuta kilichochorwa. Anaweza kukitumia bila kulipa wala kuomba ruhusa, hata kwa biashara, mradi ataje chanzo na akikiboresha naye akiache wazi kwa wengine. Hapa kwetu kazi hiyo ina historia ya kujivunia. Ramani Huria ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa waliingia kata kwa kata kuweka kwenye ramani mifereji na maeneo yanayofurika. Mwaka huohuo Crowd2Map walianza kuchora vijiji vya Tanzania, na mkoani Mara ramani hizo zimesaidia wanaowatafuta na kuwaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Huwezi kwenda kumchukua mtoto usiku kwenye kijiji ambacho hujui njia yake.

Mimi nilikuwa na sababu yangu mwenyewe. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia mjini Kilosa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka mahema, nakumbuka foleni ya maji, nakumbuka watu wazima wakisema reli imekatika kana kwamba ni mkono wa mtu. Miaka mingi baadaye, kwenye klabu ya ramani chuoni, nikaonyeshwa mfano ambao kila anayejiunga na kazi hii huonyeshwa: tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, namna watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walivyochora mitaa ya Port-au-Prince kwa siku chache, mpaka waokoaji wakawa wanatembea na ramani hiyo. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu tarehe. Mwezi uleule, sisi tulikuwa kwenye mahema.

Silaumu mtu. Haiti walikufa watu wengi mno na sisi hatukuwa habari ya dunia. Lakini usiku ule nilinunua bando, nikafungua bonde la Mkondoa kwenye laptopu ya kuazima, nikaanza. Nyumba za mjini kwanza, halafu Kimamba, halafu vijiji. Nilichora mpaka macho yakauma. Nilijiambia kwamba mafuriko yakirudi hatutakuwa tena sehemu tupu.

Hapo nisimame kidogo kuhusu lugha. Waingereza wana shida na neno lao moja linalobeba maana ya kutolipia na maana ya kuwa huru, na tangu Richard Stallman aanzishe mradi wa GNU mwaka 1983 watu wa programu huria wamekuwa wakilifafanua bila kuchoka. Sisi hatuna shida hiyo. Tuna "bure" na tuna "huria," na hakuna anayechanganya. Ila "bure" yetu ina mtego wake: kazi bure ni kazi isiyolipwa, na pia ni kazi isiyo na maana. Mama alipouliza kazi ni ya nani, nadhani alikuwa ananusa mtego huo. Mimi nikafikiri wasiwasi wake ni pesa.

Sasa shamba.

Kuna kijiji kimoja kwenye bonde letu ambako mjomba wangu analima mahindi na ufuta. Sitakitaja jina. Kwenye picha ya setilaiti kilionekana vizuri: mistari ya mashamba yaliyovunwa, rangi ya udongo, na katikati ukanda uliofifia unaoteremka mpaka mtoni. Niliuona ukanda ule. Niliukagua kwa nukta chache nikadhani ni korongo la maji ya mvua au alama za trekta. Ili nisipoteze muda nikazungusha mstari mmoja kuuzunguka upande mzima, nikaupa tagi ya shamba, nikahifadhi. Nilikuwa nimebakiza nyumba mia mbili na kitu kufikia lengo la siku hiyo. (Klabu ilikuwa na jedwali la washindi. Ndiyo, kujitolea nako kuna mashindano.)

Likizo iliyofuata nilimwonyesha mjomba kwenye simu. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Kumbe mjomba umesoma kweli," akasema, akitafuta kwa kidole paa la nyumba yake. Jumatatu akaniomba nimsindikize kwenye kikao, na simu nisiiache.

Kikao kilikuwa chini ya mwembe, na ajenda ilikuwa ukanda ule. Ulikuwa njia ya mifugo kwenda maji. Wafugaji walisema ng'ombe wao wamepita pale tangu wazee wao. Wakulima, mjomba wangu akiwemo, walikuwa wameusogelea msimu hadi msimu, tuta moja huku, tuta moja kule. Mjomba alisimama, akainua simu yangu juu, akasema, "Hii ni ramani ya dunia nzima. Waliochora hawanijui mimi wala hawamjui yeye. Mmeona palivyoandikwa? Shamba."

Niliketi hatua tano kutoka pale. Niliyechora ni mimi, mpwa wake, usiku, nikikimbilia nafasi ya tatu kwenye jedwali. Sikusema neno.

Msomaji ambaye si wa Kilosa anaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, na hakuna mtu mzima wilayani asiyejua habari ile. Ukanda wa hatua ishirini za ardhi unaweza kubeba watu wengi. Siku ile mwenyekiti alitumia busara. Alisema ramani inayotambulika ni ya mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ile ya kisheria, siyo ya kwenye simu, akaahirisha kikao. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilipokuwa naondoka nilimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, "Hata dunia inajua."

Nimejaribu kujitetea kwa njia kadhaa. Utetezi wa kwanza ni nia. Sikukusudia kumdhulumu mtu. Ni kweli, na haunisaidii. Mtu anayejitolea huwa na nia njema karibu kila mara, kwa sababu hana kingine kinachomleta. Kwa hiyo nia njema haiwezi kuwa kipimo cha kututenganisha. Tena nashuku inatulegeza. Mpima ardhi aliyelipwa akikosea kuna wa kumdai. Mimi nikikosea, watu husema, "Mwacheni, anajitolea tu." Ule ukarimu wangu ulikuwa umeninunulia msamaha kabla ya kosa.

Utetezi wa pili ulikuwa wa kiufundi, nao ulinishughulisha zaidi. OpenStreetMap ina kanuni kuu: chora kilichopo ardhini, kinachoweza kuthibitishwa na yeyote akienda pale, usichore madai. Ni kanuni nzuri, imeokoa ramani na mabishano mengi ya mipaka. Lakini kwenda pale lini? Machi ukienda utakuta mahindi yanachipua, ni shamba. Agosti, mavuno yakishatoka, utakuta ng'ombe wanakula mabua, na mwenye shamba amekubali kwa sababu samadi inabaki, ni malisho. Kuhusu ardhi ileile, mkulima anasema kweli na mfugaji anasema kweli, na wamekuwa wakisema kweli hizo mbili kwa zamu. Picha ya setilaiti ilipigwa siku moja. Tagi ni moja. Makubaliano ya watu wawili juu ya mwaka mzima hayana mahali pa kukaa kwenye kisanduku changu, na kisichokuwa na kisanduku mimi nilikifuta bila kujua nafuta.

Kosa la kutazama haraka linarekebishika. Nilirudi kwenye laptopu nikakata umbo lile, nikauacha ukanda nje ya shamba. Ramani hii haisahau. Ukifungua historia utakuta jina langu la akaunti likichora, halafu jina lilelile likifuta. Kisha nikaona nifanye haki kamili: niende kwa wafugaji, nitembee njia yao na simu, niichore ipasavyo, nayo ionekane na dunia nzima.

Nilimkuta mzee mmoja ambaye alikuwepo kwenye kikao. Nilimwamkia, tukakaa, nikamweleza yote, pamoja na kwamba mchoraji nilikuwa mimi. Hakukasirika, au hakuonyesha. Aliniuliza ninyi mnaochora mko wangapi, na nani aliyewatuma. Nikamwambia hakuna aliyetutuma, tunajitolea. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine.

"Na ukiichora njia yetu, nani ataiona?"

"Kila mtu, mzee."

"Kila mtu. Na mwizi wa ng'ombe?"

Sikuwa na jibu. Alinieleza, kwa uvumilivu, kwamba njia ile inajulikana na wanaopaswa kuijua. Anayetaka kuijua anakuja, anauliza, na kwa kuuliza kwake naye anajulikana. Aliniomba nisiichore. Nikakubali.

Nimelifikiria jibu lake zaidi ya karibu kila kitu nilichosoma kwenye shahada hii ya uzamili. Nilikuwa nimeingia kwenye kazi huria nikiamini kwamba dhambi ni kuficha na wema ni kufungua, kwamba ukimpa kila mtu hujamnyima yeyote. Mzee alikuwa ananiambia kwamba "kila mtu" si mtu. Huwezi kumwuliza ruhusa, huwezi kumdai, hakai kwenye kikao chini ya mwembe. Nilipotoa zawadi kwa kila mtu, niliitoa kwenye ardhi ya watu wachache wenye majina, bila kuwauliza hao wachache.

Rafiki yangu wa klabu hakubaliani nami, na hoja yake si nyepesi. Anasema nikisubiri ruhusa ya kila mzee, mafuriko yatafika kabla ya ramani, na kwamba wasiochorwa ndio wanaosahauliwa siku ya misaada. Mimi mwenyewe ni shahidi. Anasema pia kwamba njia isiyo kwenye ramani yoyote ni rahisi kulimwa. Yote mawili ni kweli. Kijijini mgeni hukaa siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na nimekuwa nikijiuliza kama jembe lile si kazi tu bali ni namna ya kumfanya mgeni awe mtu anayeweza kuulizwa amelima wapi. Sisi tulikuja na majembe yetu wenyewe. Nyumba bado nachora, na madaraja, na vituo vya afya. Njia za mifugo naziacha mpaka nimezungumza na mtu.

Mama bado anauliza kama wameniajiri.

Wiki tatu zilizopita niliifungua sehemu ile. Picha mpya ya setilaiti imewekwa, iliyo safi kuliko ile ya mwanzo, na mtu ninayeona jina lake la akaunti tu ameichora njia yote, kwa usahihi kabisa, kila kona, mpaka kwenye maji. Ameandika "njia ya mifugo." Chini kuna kisanduku cha kumwandikia aliyechora. Nimeandika, "Habari, asante kwa mchango wako," na bado sijajua sentensi inayofuata.