Mlango Niliojinyima

Siku yangu ya mwisho Tabora tulikuwa wawili kwenye chumba cha seva cha ofisi moja: mimi, mwanafunzi wa uzamili niliyekwenda kutafuta ada, na kaka msimamizi wa mitambo. Kazi yangu ilikuwa kuweka mipangilio ya chasisi, yaani kasha la chuma linalobeba seva kadhaa zinazogawana umeme na feni.

Ndani ya kasha kuna kifaa kidogo cha usimamizi chenye tundu lake la mtandao na anwani yake. Seva zote zikizimwa, chenyewe hubaki macho mradi umeme upo. Kinaweza kuziwasha, kuzizima na kuonyesha yaliyo kwenye skrini zao. Anayekishika ameshika nyumba nzima.

Nilibadilisha neno la siri la kiwandani. Nilifunga poti 23 ya Telneti, inayopitisha maneno ya siri waziwazi, nikabakiza 22 ya SSH na 443 ya HTTPS. Nilifunga pia 623 ya IPMI. Toleo lake la 2.0 humpa yeyote anayelijua jina la mtumiaji neno la siri lililofumbwa, kabla hajathibitisha yeye ni nani, naye huenda kulifumbua kwa nafasi yake. Mwisho nikakihamishia kifaa kwenye mtandao wa peke yake, usiokutana na intaneti.

Kaka akasema, "Dada, jiachie mlango mmoja basi. Tukikwama utatusaidia ukiwa huko huko Dar."

Lilikuwa ombi la mtu mwema. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 800.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na neno hongo lilikuwa bado kichwani. Zamani hongo ilikuwa ada ambayo misafara ilimlipa mtemi ili ipite nchini mwake: vitambaa, shanga, waya. Walijadiliana kiasi, hata kwa siku kadhaa. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, Unyanyembe nzima ilijua nani kaifunga, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Sisemi palikuwa na haki. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa kwenda pwani. Ila lango lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana. Leo hongo ni kile kinachopita chini ya meza.

Mlango wangu ungekuwa wa chini ya meza. Msimamizi atakayekuja baadaye asingejua upo. Mwizi wa laptopu yangu angeingia kwa jina langu. Kaka aliniamini, lakini kumbukumbu zilizomo kwenye seva zile zilikuwa za watu wasionijua, na ruhusa yao hakuwa nayo yeye.

Nikakataa, nikasafiri nikijiona mwadilifu.

Wiki tatu baadaye simu iliita saa nane usiku. Umeme ulikatika, ukarudi, na seva mbili hazikuwaka. Nilimwelekeza kwa mdomo hadi chaji yake ikaisha. Huduma ilirudi adhuhuri. Tangu asubuhi watu walikuwa foleni, wengine wametoka vijijini. "Dada, ule mlango..." alisema, hakumalizia.

Bado naamini nilikuwa sahihi kuukataa mlango wa siri. Kosa langu lilikuwa kudhani uadilifu unaishia kwenye kufunga. Nilijilinda nisishukiwe, nikawaachia wengine gharama. Hata mtemi aliyetoza hongo alikuwa na utaratibu wa kufungua.

Basi nikaandika kurasa mbili. Akaunti yenye jina langu imo kwenye daftari la ofisi, na mkubwa wao ametia saini. Huzimwa muda wote. Nikihitajika, kaka huiwasha na kuniunganishia njia, kila ninachofanya kinaandikwa, kisha anafunga yeye. Siwezi kuingia bila wao.

Mwezi uliopita alipiga tena. "Nimefungua, dada." Nilimaliza kwa dakika ishirini, nikamwambia, "Funga, kaka." Nikasubiri kwenye simu mpaka nikaona nimetolewa.

Wale wa foleni ya siku ile hawakuniuliza kitu. Ningewajibu nini, sijui.